Kwenda Kusaidia Mbali: Somo Kutoka Kanisa la Antiokia

Mafungu ya kusoma: Matendo ya Mitume 11:19-30 na 12:25, 2 Samweli 18:19-33, Wagalatia 6:1-5, 2 Wakorintho 8.



Vijana wetu wametuuliza swali moja mara nyingi: je, sisi wakimbizi tunaweza kujitolea kwenda kusaidia pale maafa yanapotokea, mbali na hapa? Wengine wanauliza kwa moyo safi. Wengine, tuseme ukweli, wanauliza kwa sababu wamechoka kukaa kambini na wanatafuta safari. (Mungu anaweza kuwatumia hata hao, lakini tuzungumze kwanza.) Tena wako wazee wanaosema swali lenyewe halina maana: mtu anayesimama kwenye mstari wa posho atamsaidia nani? Hao wote tumewaandikia somo hili.

KANISA LA WAKIMBIZI

Tufungue Matendo 11. Wahubiri wengi wakifika sura hii huruka mpaka fungu la 26, kwa sababu hapo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Sisi tuanze fungu la 19. Ni nani aliyeleta Injili Antiokia? Si mtume. Ni watu waliokimbia Yerusalemu baada ya Stefano kuuawa kwa mawe. Wengine walikimbilia Foinike, wengine wakavuka maji hadi Kipro, wengine wakafika Antiokia ya Shamu, mwendo wa kilometa karibu 500 kutoka Yerusalemu. Waliacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazazi wao. Leo wangefika hapa Nakivale, wangeandikishwa, wangepewa shitingi na sufuria kama sisi.

Basi kanisa lile lilianzishwa na wakimbizi. Halafu akaja nabii Agabo kutoka Yerusalemu, akasema njaa kubwa inakuja. Luka anaandika kwamba njaa hiyo ilitokea siku za Klaudio, Kaisari aliyetawala tangu mwaka 41 hadi 54. Yosefo, mwandishi Myahudi wa wakati ule, naye anaeleza jinsi watu wa Yerusalemu walivyokufa kwa njaa, na jinsi malkia Helena wa Adiabene alivyotuma watu kununua ngano Misri na tini kavu Kipro. Huyo alikuwa malkia, alikuwa na hazina. Watu wa Antiokia hawakuwa na hazina. Walipatana kwamba kila mmoja atoe kwa kadiri alivyo navyo, wakapeleka msaada kwa ndugu wa Yudea kwa mikono ya Barnaba na Sauli.

Hapo wapendwa tusipite haraka. Huyo Sauli ni nani? Ni yule aliyelinda nguo za watu waliompiga Stefano kwa mawe, akakubaliana na kuuawa kwake. Mateso yaliyowafukuza watu hawa majumbani mwao, yeye alikuwa mkononi mwake. Na sasa wanaweka sadaka yao katika mikono hiyo hiyo, ipelekwe katika nchi ile ile waliyofukuzwa. Luka hasemi kama kuna mtu aliyenung'unika. Sisi tunawajua wakimbizi kwa sababu ni wakimbizi, na tunafikiri walikuwapo.

Kwetu walikuwapo. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Mito ikashuka na mawe na matope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya ziwa Kivu. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena hata miili yao. Jumapili iliyofuata tulitangaza sadaka kwa ajili ya Kalehe. Baada ya ibada baba mmoja wa kanisa letu alitufuata nyuma ya jengo, akasema kwa sauti ya chini: "Mchungaji, wale ndio waliochoma nyumba yangu. Unataka niwape nini tena?"

Hatukumkemea. Nyumba yake ilichomwa kweli. Tulimwomba tu asome Matendo 11 pamoja nasi, tukasoma tukiwa tumekaa juu ya matofali, naye akaondoka bila kusema neno. Siku ya Jumatano akarudi na karatasi ndogo yenye jina la mzee mmoja wa kule na namba ya simu. "Huyu hataiba," alisema. Pesa hakutoa, na hatukumuuliza. Lakini bila karatasi ile sadaka yetu ingepita mikono ambayo hatuijui. Naye kila mwezi kwa muda mrefu alikuwa akituuliza: je, yule mzee amesema nini?

Kuna mama mmoja alileta kikombe kimoja cha maharagwe. Mwaka ule posho ilikuwa imepunguzwa tena, na kila mtu alijua kikombe kile kilitoka wapi. Tuliyauza maharagwe yote yaliyotolewa, tukatuma pesa kwa simu.

MTU ALIYEKIMBIA BILA HABARI

Wakati ule ule vijana sita walitaka kwenda Kalehe wenyewe kuchimba matope. Tuliwakatalia, wakakasirika, na mmoja hakuja kwaya kwa mwezi mzima. Tunataka kueleza sababu zetu hapa mbele ya kanisa lote, kwa kuwa siku ile tulizieleza vibaya.

Ya kwanza ni ya hesabu. Nauli ya vijana sita kwenda na kurudi ilikuwa kubwa kuliko sadaka yote tuliyokusanya. Kule Kalehe walikuwako watu wenye mikono na majembe, waliokuwa wakichimba tangu usiku ule kutafuta ndugu zao. Walikosa chakula, dawa, nguo na sanda.

Ya pili ni ya sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unasema ulinzi wa mkimbizi unaweza kukoma kama kwa hiari yake amerudi kukaa tena katika nchi aliyoikimbia. Safari fupi si sawa na kurudi kukaa, lakini ujue utaulizwa, na mke wako na watoto wako wataulizwa pia. Ndani ya Uganda ni tofauti: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kutembea katika nchi, kwa masharti yake.

Ya tatu ni ya aibu, na inatuhusu sisi wenyewe. Tuliwahi kwenda bila kutumwa.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto ulishuka mpaka katikati ya mji wa Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaunguza kanisa kuu la Wakatoliki na maelfu ya nyumba, ukaingia ziwani. Watu wapatao 400,000 walikimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi. Baada ya siku chache wengi walirudi, wakitembea juu ya mawe ambayo bado yalikuwa ya moto. Sisi tulikuwa vijana tisa wa kwaya huko Bukavu. Tukasema, Mungu anatuita. Jumanne iliyofuata tulipanda boti na magitaa mawili, ngoma, na gunia moja la nguo. Hakuna aliyebeba unga. Hakuna aliyebeba blanketi. Tuliamini kwamba mtumishi wa Mungu hupokelewa popote.

Na kweli tulipokelewa. Mama mmoja wa kanisa, ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya jiwe jeusi na bado inatoa moshi, alitukaribisha chini ya turubai lake pamoja na watoto wake watano. Alitupikia. Mnajua desturi yetu: mgeni hali akiwa amesimama, na mwenyeji hamwambii mgeni kwamba chakula kimekwisha. Tulikula jioni ya kwanza, tukala ya pili. Mchana tuliimba kando ya barabara, na watu walisimama kidogo kutusikiliza, kisha wakaendelea kutafuta maji.

Hatukujua basi kitu ambacho tumejifunza baadaye. Viwango vya kimataifa vya kazi ya msaada, vinavyoitwa Sphere, vinasema mtu mmoja katika maafa ahitaji angalau lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Vijana tisa ni lita 135. Ni karibu bidoni saba za lita 20, katika mji uliokuwa umekatika vipande viwili na mabomba yake kuungua. Watoto wa yule mama ndio waliokuwa wakienda ziwani kututekea.

Siku ya tatu mzee wa kanisa alikuja. Alitushukuru kwa nyimbo, akatuombea vizuri sana, halafu akasema: "Wanangu, sasa rudini kwa mama zenu." Tulirudi tukiwa na hasira. Tulisema watu wa Goma hawana shukrani. Ilichukua miaka, na kwetu ilichukua hadi sisi wenyewe kulala chini ya turubai na kupokea wageni wanaokuja kutuangalia, ndipo tukaelewa ni nani aliyemsaidia mwenzake siku zile tatu.

Katika chuo cha Biblia tulisoma habari ya Ahimaasi mwana wa Sadoki, katika 2 Samweli 18. Vita imekwisha, Absalomu amekufa, habari lazima ifike kwa Daudi. Yoabu anamtuma Mkushi. Ahimaasi anaomba naye akimbie. Yoabu anamuuliza kwa nini, maana hana habari ya kupeleka. Anaomba tena. Anaruhusiwa, anapita njia ya bonde, na kwa sababu ana miguu myepesi anamtangulia Mkushi. Anafika mbele ya mfalme anahema. Mfalme anauliza juu ya mwanawe. Ahimaasi anajibu kwamba aliona kishindo kikubwa, lakini hakujua ni nini. Ndipo mfalme anamwambia asogee kando asimame. Mwalimu wetu alipofika hapo alifunga kitabu, akatuangalia, na sisi tulikumbuka boti ya Goma.

FURUSHI LAKO MWENYEWE

Watu wengine wanafikiri Paulo alijipinga katika Wagalatia 6. Katika fungu la 2 anasema tubebeane mizigo. Katika fungu la 5 anasema kila mtu atabeba wake. Kwa Kiyunani ni maneno mawili. La kwanza ni baros, uzito unaomlemea mtu mpaka hawezi kusimama peke yake. La pili ni phortion, mzigo wa kawaida ambao msafiri anabeba. Biblia yetu ya Kiswahili imefanya vizuri kuliita hilo la pili furushi. Ukitaka kumsaidia mwenzako baros yake, nenda na furushi lako.

Mwaka 2013 tulipata nafasi ya kujaribu. Tarehe 1 Mei mto Nyamwamba, unaotoka milima ya Rwenzori, ulivunja kingo zake ukapita Kilembe na mji wa Kasese. Ulibeba nyumba, madaraja na mawe makubwa kama matanki ya maji, na ukaingia hospitali ya Kilembe. Safari hii tulikaa chini kwanza. Tulipiga simu kwa mchungaji mmoja wa kule, tukamuuliza: mnahitaji watu au mnahitaji vitu? Akasema tusubiri. Wiki mbili hatukwenda mahali. Halafu akatuita, akasema wajane na wazee wana matope ndani ya nyumba hadi madirishani, na vijana wa kwao wamechoka.

Tulituma sita. Walikuwa na barua ya ofisi ya kambi na barua ya kanisa kwa mwenyekiti wa kijiji. Walibeba unga, maharagwe, chumvi, sufuria, sepeto, viatu vya mpira na turubai la kulalia. Hata sabuni walibeba. Walikaa siku nane, wakatoa matope nyumba kwa nyumba, na kazi ile haina picha nzuri wala nyimbo. Unajaza toroli, unamwaga, unarudi.

Lakini kuna kitu ambacho hatukukipanga. Wawili kati ya sita walikuwa Wanande kutoka Beni. Watu wa Kasese ni Wakonzo, na lugha hizo mbili ni ndugu kabisa. Mpaka ulichorwa katikati yao. Kwa hiyo wale wawili walisikilizana na bibi wa kule bila mkalimani. Bibi mmoja alimwambia kijana wetu aache sepeto, akae, amsikilize. Alimsimulia mumewe aliyechukuliwa na maji, tangu walivyooana hadi usiku ule. Ilichukua alasiri nzima. Kijana alirudi kwa wenzake akiona aibu kwa kuwa hakufanya kazi. Kiongozi wao alimwambia hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Tunakubaliana naye.

Jambo moja lilitusumbua huko. Ndugu mmoja wa kundi letu alitaka watu wasikilize neno kwanza ndipo wapewe sabuni. Alikatazwa. Mwaka 1994 mashirika ya Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya msaada yalipatana Kanuni za Mwenendo, na moja yake inasema msaada usitumiwe kuendeleza msimamo wa dini au wa siasa. Wachungaji wengine hawaipendi kanuni hiyo. Wanasema inafunga Injili mdomo. Sisi hatuoni hivyo. Yesu aliponya wakoma kumi, akarudi mmoja tu kushukuru, na hatusomi mahali popote kwamba wale tisa walirudishiwa ukoma wao. Ukiulizwa kwa nini umekuja, jibu. Lakini sabuni ni sabuni.

YA KUJUA KABLA YA KWENDA

Moyo wa upendo usiojua kitu unaweza kuua. Wazee wetu wa Goma wanakumbuka Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia kwa siku chache. Ardhi yote ni mawe ya volkano, choo hakichimbiki, na maji ya kunywa yalichotwa ziwani. Kipindupindu na ugonjwa wa kuhara damu viliingia. Watu wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Kwa hiyo mtu wa kanisa hili anayetaka kwenda mahali penye maafa ajue kwanza habari ya maji: kuchemsha, kutia dawa ya klorini kwa kipimo, kunawa mikono kwa sabuni, na choo mbali na kisima. Ajue pia kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtu anayehara, kama pakiti za duka la dawa hazipo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Chumvi ikizidi, mtoto anaumia. Huyo mgonjwa apelekwe kwa waganga upesi, maji hayo ni ya kumshikilia njiani.

Kuhusu watoto tutasema kwa ukali. Nyiragongo ilipopasuka tena tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi usiku, watu walikimbia gizani, wengine Gisenyi, wengine njia ya Sake, na zaidi ya watoto 150 walitengana na wazazi wao. Mtu mwema akimkuta mtoto analia peke yake, moyo wake unamwambia ambebe aende naye mahali salama. Sasa mama anarudi pale alipomwacha, na mtoto hayupo. Yuko katika nyumba ya mtu mwema, kilometa 30 mbali. Ndugu, mtoto usimhamishe isipokuwa mahali pale pana hatari. Kaa naye, uliza majirani, mpeleke kwa watu wa Msalaba Mwekundu walio karibu ili jina lake liandikwe. Wala usimpe mtu yeyote anayesema, mimi ni mjomba wake, kabla hajajulikana.

Na pesa. Paulo hakubeba sadaka ya Yerusalemu peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba makanisa yalichagua ndugu wa kusafiri naye, ili mtu asije akawalaumu juu ya pesa nyingi ile. Kama Paulo mwenyewe alitaka shahidi, hakuna shemasi wa kanisa hili atakayebeba sadaka peke yake na kusema hamniamini. Wawili wahesabu, wawili waandike, wawili wapokee risiti.

NANI ASIENDE

Hili ndilo jambo tulilojifunza kwa machozi, na hatujalisoma katika kitabu chochote cha msaada tulichopewa.

Mmoja wa wale sita wa Kasese alikuwa kijana mwenye nguvu kuliko wote. Kule alifanya kazi ya watu wawili. Aliporudi hapa aliacha kulala. Usiku alitoka nje akasimama karibu na mlango mpaka asubuhi. Mvua ikianza kunyesha juu ya bati alikuwa anatetemeka, na hakutaka mtu amguse. Mwishowe alituambia: matope yale yalikuwa na harufu ya usiku ule wa mwaka 2008, walipokimbia na kumwacha mdogo wake njiani. Kule Kasese alipokuwa anachimba kila nyumba alidhani atamkuta.

Tulikuwa tumemuuliza kama ana viatu vya mpira. Hatukumuuliza hilo lingine. Sisi ni kanisa la watu waliotoka katika maafa yao wenyewe, na tuliwatuma watu katika maafa ya wengine kama vile ni watu wasio na kidonda. Kosa lilikuwa letu, wachungaji na wazee, si lake.

Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumfundisha somo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akampa tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani. Yule kijana tulimfanyia hivyo kwa miezi mingi. Mama mmoja alimpikia, wazee wawili walilala katika nyumba yake kwa zamu, na mshauri wa kituo cha afya alimwona kila wiki. Leo yuko vizuri, ameoa, na ametupa ruhusa kuandika habari hii bila jina lake. Hajawahi kuomba kwenda tena, nasi hatutamwomba.

Kwa hiyo sasa kabla ya kumtuma mtu tunakaa naye na kumuuliza anaota nini usiku. Mwingine tutamwambia, wewe kazi yako ni hapa, kupanga vitu, kuandika majina, kuomba. Asione amekataliwa. Antiokia ilikuwa na manabii na walimu wengi, Luka anawataja majina katika sura ya 13. Waliotumwa Yudea walikuwa wawili.

Na hao wawili walirudi. Matendo 12:25 inasema hivyo: walipomaliza huduma, walirudi. Msaada waliukabidhi kwa wazee wa kanisa la kule, hawakuanza kuugawa wenyewe wakijifanya wenyeji wa Yudea. Hawakukaa wakitafuta cheo wala posho ya safari. Walirudi pamoja na kijana Yohana aitwaye Marko, na hakuna aliyejua bado kama atakuwa msaada au taabu. (Alikuwa taabu kwanza.)

MATANGAZO YANAYOHUSU SOMO HILI

Wanaotaka kuandika majina kwa ajili ya kundi la kujitolea wamwone shemasi mkuu Jumapili baada ya ibada ya pili. Mwenye mke au mume aje naye, maana anayebaki na watoto lazima akubali mbele yetu. Vijana walio chini ya miaka 18 wasiandike. Mafundisho ya maji na huduma ya kwanza yatakuwa siku nne za Jumamosi, na mtu atakayekosa mbili jina lake litafutwa. Kila mmoja aonyeshe furushi lake: blanketi, sahani, kikombe, sabuni na chakula cha siku saba, hata kama atakipata kidogo kidogo. Ukikosa, sema mapema, jumuiya yako itakusaidia kulijaza.

Na bidoni mbili za kanisa, zile za njano zilizoazimwa wakati wa Pasaka, zirudishwe kabla ya siku hiyo.